Nani Aliyeujaza Mtungi?

Hakuna mzee asiyesifu zamani zake. Wakusanye wazee watatu chini ya mwembe, uwamiminie kahawa, na kabla ya vikombe kupoa utasikia kwamba samaki wa siku zile walikuwa wanono kuliko wa leo, mvua ilijua majira yake, watoto walikuwa na adabu, na jirani alikuwa ndugu. Vijana husikiliza kwa heshima, lakini mioyoni mwao hujiuliza: ikiwa zamani ilikuwa njema namna hii, mbona wazee wetu walijitahidi sana kuibadili? Swali hili si utovu wa adabu. Ni swali la haki, na mtu mzima anayelikimbia hastahili kusikilizwa. Basi mimi, ambaye nimekwisha kuingia katika idadi ya wasifu zamani, nataka kulijibu mbele yenu. Mtu anapoutamani utoto wake, je, husema kweli au hujidanganya? Na kama husema kweli, kweli hiyo yamdai nini?

Hamu ya kurudi nyuma ni kongwe, na wenye elimu waliitafutia jina. Mwaka wa 1688 kijana mmoja wa Uswisi, Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea utabibu mjini Basel, aliandika juu ya ugonjwa uliowashika watu waliokuwa mbali na kwao. Aliunga maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kurudi nyumbani na la pili lenye maana ya maumivu, akapata jina ambalo lugha nyingi za Ulaya zalitumia mpaka leo. Dawa aliyoitumaini zaidi ilikuwa moja: mgonjwa arudishwe kwao. Baada ya miaka 110, mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1798, alisema kwamba waliorudi hawakukipata walichokitamani. Walidhani kwamba mahali pamebadilika. Kumbe walichokuwa wakikililia si mahali, bali ni ujana wao.

Hapo ndipo penye shida. Mtu aliye mbali na mji wake aweza kupanda chombo akarudi. Lakini hakuna nahodha aijuaye njia ya kurudi katika mwaka wa 1971. Mtu aliyeuacha utoto nyuma hana nauli ya kuurudia ila kumbukumbu, na kumbukumbu ni shahidi ambaye lazima ahojiwe kama wahojiwavyo mashahidi wengine. Namleta shahidi wangu, mpate kumsikia.

Nilizaliwa mwaka wa 1964 katika kijiji kidogo cha pwani, kusini ya Mombasa. Mashariki yetu ilikuwa bahari, na magharibi, siku za anga safi, tuliviona vilima vya Shimba. Baba alikuwa mvuvi wa madema. Mama alishona makuti akawauzia waezekaji wa nyumba. Nyumba yetu wenyewe ilikuwa ya fito na udongo, na mbele yake palikuwa na baraza ambapo mambo yote ya maana yalifanyika: kula, kusuka mikeka, kuamua ugomvi na kupokea wageni.

Nikifumba macho naziona siku zile kama vitu vilivyopangwa katika sahani. Baada ya shule tulicheza komwe chini ya mkwaju, na jua lilipopungua tulicheza kombolela mpaka tukaitwa kwa majina, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Tulirusha vishada vilivyotengenezwa kwa karatasi kuukuu na njiti za makuti. Tuliogelea maji yalipojaa, na yalipotoka tulitafuta pweza miambani. Jioni mwenye duka alitoa redio yake nje, na watoto kwa wakubwa wakakaa chini kusikiliza Sauti ya Kenya. Kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", alichokianzisha marehemu Leonard Mambo Mbotela mwaka wa 1966, kiliwafanya wazee watutazame sisi watoto kila mara mtangazaji alipotaja tabia mbaya, kama kwamba alikuwa amepita kijijini kwetu mchana ule.

Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni mtungi. Ulisimama katika pembe ya nyumba, penye giza na ubaridi, umefukizwa ubani, mdomo wake umefunikwa kwa kawa, na juu ya kawa imelazwa kata ya kifuu. Nilikuwa nikirudi mchezoni natoka jasho, nikachota, nikanywa, nikachota tena. Tangu siku zile nimekunywa maji ya mifereji na ya chupa na ya barafu, lakini sijapata kunywa maji matamu kama yale. Wala sikumbuki hata siku moja nilipotumbukiza kata nikaikuta chini ni kukavu.

Usiku nyanya alituketisha katika mkeka, koroboi ikawashwa, akaanza: "Paukwa!" Nasi tukajibu: "Pakawa!" Dada yangu, aliyenizidi kwa miaka minne, alikuwa akiketi karibu na mlango, na kabla ya hadithi kufika katikati kichwa chake kilianguka kifuani. Nilizoea kumcheka. Nilimwita gogo. Hayo nayo nayakumbuka, nami kwa miaka mingi niliyahesabu kuwa sehemu ya furaha ile.

Huo ndio ushahidi wangu, na kwa zaidi ya miaka hamsini haukupata kupingwa.

Mwaka wa 2024 nilistaafu kazi ya ukarani niliyoifanya katika miji ya bara, nikarudi kijijini. Jioni ya kwanza tuliketi barazani kwa dada yangu, wajukuu zake wakinizunguka, nami nikaanza kusifu zamani kama wafanyavyo watu wa umri wangu. Nilipofika kwenye mtungi nilieleza kwa maneno mengi ubaridi wa maji yale na harufu ya ubani. Mjukuu mmoja, msichana wa kidato cha pili, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Babu, nani aliyekuwa akiujaza mtungi?"

Nilifungua kinywa nijibu, nikaona sina jibu. Nikasema: "Ulikuwa umejaa tu."

Dada yangu akacheka. "Mdogo wangu," alisema, "mtungi haujai wenyewe. Nilikuwa nikiujaza mimi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu. Kisima cha karibu kilikuwa cha maji ya chumvi, hayakufaa ila kwa kufulia. Kisima cha maji ya kunywa kilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya mihogo. Aliamka kabla ya jogoo, akaweka ngata kichwani na debe juu yake, akaenda na kurudi mara tatu kabla ya jua kupanda. Debe moja huchukua lita zipatazo 18, na maji ya lita 18 yana uzito wa kilo 18. Naye alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Nyakati za kaskazi, kisima kilipopungua, aliketi ukingoni akingoja maji yatoke mchangani, akayachota kata kwa kata. Kisha alirudi kukuna nazi, kutwanga na kumlea mdogo wetu mama alipokuwa katika makuti yake.

"Na shule, nyanya?" msichana aliuliza.

"Shule niliimaliza darasa la nne, mwishoni mwa mwaka wa 1970. Mwaka uliofuata babu yako huyu alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Samaki wa baba na makuti ya mama vilitoa karo ya mtoto mmoja. Mtoto huyo alikuwa yeye."

Jambo hili nililijua, kama mtu ajuavyo jina la mto ambao hajapata kuuvuka. Nilijua kwamba dada hakuendelea na masomo. Sikupata kujua kwamba nafasi niliyoikalia ilikuwa yake. Mwaka wa 1974 serikali iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza. Nakumbuka shangwe ya nyumbani kwetu, kwa sababu mwaka ule niliingia darasa la nne. Sikufikiri kwamba yeye alikuwa ameyamaliza madarasa hayo manne kwa karo, na kwamba darasa la tano, ambalo ndilo alilolihitaji, lilikuwa bado la kulipiwa.

Kisha akasema neno ambalo bado lingali masikioni mwangu: "Wewe ulikuwa ukinicheka kwa kusinzia. Hadithi zote za nyanya najua mianzo yake. Mwisho wake sijui hata mmoja."

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka swali la redio ya mwenye duka, na safari hii niliulizwa mimi: je, huo ulikuwa ungwana?

Fikira yangu ya kwanza ilikuwa kwamba kumbukumbu yangu ni mwongo, na kwamba utoto wangu wote ulikuwa hila. Lakini nilipoipima niliona kwamba haikusema uongo. Maji yalikuwa matamu kweli. Kombolela ilikuwa furaha kweli. Kumbukumbu yangu ilieleza sawasawa kila kitu ilichokiona. Kosa lake ni kwamba ilikuwa imesimama mahali pamoja. Ilisimama penye kata, haikupata kusimama penye kisima. Shahidi wa namna hii si mwongo, lakini hakimu anayetoa hukumu kwa kumsikiliza yeye peke yake ni dhalimu.

Fikira ya pili ilikuwa kuwalaumu wazazi wangu. Hili nalo nililipima. Wazazi wangu hawakuwa wabaya. Walikuwa na sarafu chache, na desturi iliyowaambia, kabla hawajafikiri, ni mtoto gani wa kutangulizwa. Kama wangeulizwa wangesema kwamba msichana ataolewa na mvulana atawatunza wazee. Walifanya kama walivyofanya majirani zao wote, na waliwapenda watoto wao wote. Lakini udhuru wa mtu mmoja haufuti hasara ya mtu mwingine. Naweza kuwasamehe wazazi kwa upande wangu. Hasara ya dada yangu si yangu kuisamehe.

Fikira ya tatu ndiyo iliyonileta kuandika maneno haya. Wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu akiuona mzigo katika kichwa cha mwingine huudhani mwepesi kama usufi. Mimi nilikuwa nimepita kiasi hicho, kwa maana mzigo wenyewe sikuuona. Nilikuwa nikidhani kwamba ulimwengu wa utoto wangu ulikuwa mwepesi. La. Ulikuwa na uzito ule ule wa siku zote, ila uzito huo ulikuwa katika kichwa cha mtu mwingine.

Nadhani hii ndiyo siri ya utamu wa utoto. Utoto ni wakati ambao mtu hula asichokilipia, wala hajui bei yake. Hili si dhambi ya mtoto. Mtoto anastahili kunywa bila ya kuulizwa maji yametoka wapi, na kijiji kinachomwuliza kila asubuhi ni kijiji kigumu. Dhambi huanza baadaye, mtu anapokuwa mzima, akaendelea kuusifu utamu na asiulize bei. Naye aliye mbaya zaidi ni yule anayewatazama watoto wa leo akasema kwamba maisha yamewalegeza, na hali maisha yake mwenyewe yalilegezwa na mtoto mwenziwe.

Kwa hiyo msikubali mtu yeyote awaambie kwamba mambo ya kale yalikuwa dhahabu tupu. Katika watoto tuliocheza nao kombolela, wawili walichukuliwa na surua kabla ya kufika darasa la tatu. Ndui ilikuwa bado ikitajwa kwa hofu, na wazee waliokuwa na alama zake nyusoni tuliwaona kila siku. Shirika la Afya Ulimwenguni halikutangaza kwamba ugonjwa huo umekomeshwa duniani mpaka mwaka wa 1980. Sisi tunaoketi leo kusifu siku zile ni wale waliobaki. Waliokufa hawana vinywa vya kusema kama siku zile zilikuwa njema au mbaya, na waliochota maji mara nyingi wana kazi bado, hawana nafasi ya kuketi penye kahawa.

Lakini pia msikubali yule wa pili, anayesema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Huyu hutupa mtungi pamoja na maji yake. Yako mambo katika siku zile ambayo tumeyapoteza kwa hasara. Nyumba iliyopata samaki wengi ilipeleka bakuli kwa nyumba isiyopata. Mzee yeyote aliweza kumkanya mtoto yeyote. Hadithi moja ilisikilizwa na umri wa miaka mitano na wa miaka sabini kwa pamoja. Mambo haya yafaa kutamaniwa, na yafaa kurudishwa kadiri iwezekanavyo. Ila kabla ya kuyarudisha, tuulize nani atakayeyabeba. Ikiwa karamu ya zamani yaweza kuandaliwa tena kwa mgongo wa msichana mmoja tu, basi heri tule chakula kikavu.

Taifa nalo hukumbuka na husahau kama mtu. Mwaka wa 2003 masomo ya shule za msingi yalifanywa ya bure nchini Kenya. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima, na haki ya kulindwa na kazi za kumdhulumu. Mtu akisoma maneno haya peke yake aweza kuyaona makavu. Lakini mimi nikiyasoma namwona msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye debe kichwani. Sheria hizi ni jamaa ya watu wazima waliouliza, wakiwa wamechelewa, nani aliyeujaza mtungi. Hata hivyo sheria haina kichwa cha kubebea maji. Asubuhi ya leo, katika sehemu nyingi za nchi yetu, wasichana wameamka kabla ya jogoo wakaenda kisimani, na baadhi yao wamefika darasani wakisinzia, na pengine yuko mtu aliyewacheka.

Nanyi wanafunzi, siku mnazoishi sasa ndizo zamani zenu za kesho. Hata ninyi mtakuja kuketi chini ya mwembe mkasifu bweni lenu, uwanja wenu na wenzi wenu wa dawati. Basi anzeni mapema kuujua upande wa pili. Yuko mpishi anayewasha moto wa uji kabla ya kengele ya kwanza. Yuko mama anayeketi penye vumbi la barabara akiuza mboga ili karo itimie. Na huenda yuko ndugu mmoja, mkubwa au mdogo, aliyebaki nyumbani ili ninyi mfike hapo mlipo. Sisemi muache kucheza; chezeni. Nasema mwulize sasa, wakati aliyeujaza mtungi angali hai na aweza kujibu. Mimi nilichukua miaka hamsini na mitatu, na hata hivyo swali halikutoka kwangu.

Sikuweza kumrudishia dada yangu darasa la tano. Yeye mwenyewe alijitafutia alichokipata: alipokuwa ameolewa alikwenda katika darasa la ngumbaru jioni baada ya kazi zake, na leo husoma gazeti bila ya kusaidiwa. Nilipomwomba radhi alinikatiza, akasema nisimwharibie chakula. Nikamwuliza kama kuna jambo lolote analolitaka kwangu. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza: "Yule sungura wa nyanya, aliyekataa kuchimba kisima pamoja na wanyama wenziwe, kisha akawa anakuja usiku kunywa, mwisho wake ulikuwaje?"

Basi nikamwambia. Nilianza kwa "Paukwa", na wajukuu wakaitika. Nilieleza jinsi wanyama walivyoweka walinzi mmoja baada ya mwingine, na sungura akawadanganya wote. Na jinsi kobe alivyojipaka ulimbo mgongoni akajizamisha kisimani, na sungura akamkanyaga akidhani ni jiwe, akanaswa miguu yote minne.

"Kumbe alikamatwa!" dada yangu alisema. "Miaka yote hii nilidhani alikunywa bure mpaka mwisho."

Safari hii hakusinzia. Siku hizi ana mfereji uani kwake, lakini mtungi bado anao, kwa kuwa anapenda maji yake. Asubuhi iliyofuata niliamka kabla yake, nikajaza debe, nikalibeba mpaka ndani, nikapumzika njiani mara mbili, na umbali wenyewe haukuzidi hatua thelathini.